Kukausha Gesi Vilindini: Utando na Mpinzani Wake wa Zamani

Gesi asilia haitoki ardhini ikiwa kavu. Kwa mamilioni ya miaka imekaa katika mawe yenye vinyweleo pamoja na maji, na inapopanda kisimani hupanda na mvuke wake. Maadamu gesi ina joto, mvuke huo hauna madhara makubwa. Balaa huanza gesi inapopoa. Maji hutoneka, hutuama katika mabonde ya bomba, hushirikiana na kaboni dioksidi kufanya asidi inayokula chuma, na mgandamizo ukiwa mkubwa huganda pamoja na gesi yenyewe hadi bomba likaziba. Ndiyo maana gesi inayosafirishwa mbali hukaushwa kwanza, na kazi hiyo ina historia ya karibu karne nzima. Mara nyingi historia hiyo husimuliwa kama foleni ya vifaa: glikoli, kimiminika kinachofyonza maji, ilitawala, utando wa kuchuja gesi ukaja, na siku moja cha kale kitapisha kipya. Ushahidi haukubaliani na masimulizi hayo. Utando ulijulikana zaidi ya miaka mia moja kabla ya mnara wa kwanza wa glikoli. Nchi kavu ulishindwa kuuondoa mnara huo kwa sababu za kifizikia zisizobembelezeka. Matumaini yake ya leo yametokana na mahali, yaani kilindi cha bahari, ambako umeanza kufaa baada ya kushirikishwa na glikoli ileile iliyodhaniwa kwamba ungekuja kuiondoa.

Mgando unaoziba mabomba ulijulikana maabara muda mrefu kabla ya kuwatesa wahandisi. Mwaka 1810 Humphry Davy, mkemia wa Uingereza, aliona kwamba klorini na maji baridi hutoa fuwele hata katika joto ambalo maji peke yake yasingeganda. Michael Faraday alipima viambato vya fuwele hizo mwaka 1823, na mwaka 1888 Mfaransa Paul Villard akaonyesha kwamba methani nayo hugandamana na maji kwa namna hiyohiyo. Hidrati, kama zinavyoitwa, zilibaki jambo la udadisi wa wasomi hadi mabomba marefu ya gesi yalipoanza kutandazwa Marekani. Mabomba hayo yaliziba wakati wa baridi, na wafanyakazi wakaamini kwamba ni barafu ya kawaida. Mwaka 1934 mhandisi E. G. Hammerschmidt alichapisha matokeo yaliyokata mzizi wa fitina: vizibo vilikuwa hidrati, na vilijitengeneza hata bomba likiwa na joto juu ya kiwango cha maji kuganda. Ndani ya hidrati molekuli za maji hujipanga na kuunda vizimba, na kila kizimba kinaweza kufungia molekuli ya gesi. Ujazo mmoja wa hidrati waweza kubeba zaidi ya mara 150 ya ujazo huo wa gesi. Methani ikiwa kwenye nyuzijoto 4 za Selsiasi, mgandamizo wa kama mara 40 ya ule wa hewa unatosha kuanzisha mgando. Bomba la gesi hufanya kazi kwa mgandamizo huo na zaidi, kwa hiyo kumpasha moto adui huyu kila mahali hakuwezekani. Kilichobaki ni kumnyima maji.

Dawa ilipatikana haraka. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 viwanda vya Marekani vilianza kuosha gesi kwa dietileni glikoli, na baadaye trietileni glikoli ikachukua nafasi yake kwa kuwa inakausha vizuri zaidi. Glikoli ni kimiminika kizito kinachopenda maji kama chumvi iliyoachwa wazi nyumba ya pwani wakati wa masika. Ndani ya mnara mrefu gesi huingia kwa chini na kupanda, glikoli humwagwa kwa juu na kushuka sinia kwa sinia, na zinapokutana mvuke wa maji huhama kutoka gesi hadi glikoli. Glikoli iliyoshiba maji hupelekwa kwenye chombo cha kuchemshia, hupashwa hadi nyuzijoto 200 hivi, maji hutoka kama mvuke, nayo hurudi mnarani kuanza upya. Huko Marekani kipimo kilichozoeleka cha gesi ya bombani kikawa ratili 7 za maji katika kila futi za ujazo milioni moja, takriban miligramu 110 kwa mita ya ujazo. Mnara wa glikoli hufikia kipimo hicho bila shida. Pale gesi inapotakiwa kugandishwa iwe kimiminika kwa ajili ya meli, maji hutakiwa yashuke chini ya sehemu moja katika milioni, na hapo hutumika punje za zeolaiti zenye vitundu vya kunasa molekuli. Kwingineko glikoli imebaki mfalme, na inastahili: ni rahisi, inajulikana, inarudiwa kutumika, na fundi yeyote aliyefunzwa anaweza kuitunza.

Utando una nasaba ndefu kuliko hiyo. Mwaka 1748 Jean-Antoine Nollet, kasisi na mwanafizikia wa Ufaransa, alifunika chombo cha pombe kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha majini, akaona maji yakipenya kuingia ndani hadi kibofu kikavimba. Karibu na mwaka 1831 daktari John Kearsley Mitchell wa Philadelphia aliona kwamba mapulizo ya mpira yaliyojazwa gesi tofauti hunywea kwa kasi tofauti, na kaboni dioksidi ndiyo iliyotoroka upesi kuliko gesi za kawaida zilizojaribiwa. Thomas Graham, Mskoti aliyechunguza mwendo wa gesi sehemu kubwa ya maisha yake, alitoa maelezo mwaka 1866 ambayo bado yanasimama: gesi huyeyuka katika uso mmoja wa mpira, husafiri ndani yake, kisha hutoka upande wa pili. Gesi inayoyeyuka kwa wingi na kusafiri kwa wepesi hupita zaidi ya nyingine. Kwa njia hiyo Graham aliivuta hewa kupitia mpira na kupata mchanganyiko wenye oksijeni ya takriban asilimia 41, mara mbili ya ile ya hewa tunayovuta. Kanuni yote ilikuwa mezani. Kilichokosekana ni utando mwembamba kiasi cha kupitisha gesi nyingi, na wakati huohuo usiotoboka.

Upungufu huo ulichukua karne moja kurekebishwa, tena kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walikuwa wakitafuta njia ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Walitengeneza utando wa selulosi asetati wenye ngozi nyembamba mno juu ya sehemu nene yenye vinyweleo: ngozi inachuja, sehemu nene inaibeba. Utando wa namna hiyo ulipokaushwa kwa ajili ya gesi ulipata vitobo vidogo vilivyoharibu kila kitu. Jay Henis na Mary Tripodi wa kampuni ya Monsanto wakaviziba kwa tabaka la mpira wa silikoni, ufumbuzi mwepesi kiasi kwamba mtu hushangaa kwa nini haukufikiriwa mapema. Mwaka 1980 Monsanto ikaanza kuuza mitambo ya kutenga haidrojeni, na kabla muongo haujaisha tando za selulosi asetati zilikuwa zikiondoa kaboni dioksidi katika gesi asilia. Hapo kila mtu angetarajia hatua inayofuata iwe maji. Maji hupenya katika polima nyingi kwa urahisi kuliko methani, mara mia kadhaa na hata mara elfu kadhaa. Kwenye karatasi, utando ulikuwa umezaliwa kwa kazi ya kukausha gesi.

Kwa nini basi mnara wa glikoli haukutikisika? Jibu liko katika hesabu ndogo inayostahili kufanywa polepole. Tuchukue gesi yenye mgandamizo mara 100 ya ule wa hewa, ikiwa na molekuli 5 za maji katika kila molekuli 10,000. Maji ni kidogo sana, na kinachoyasukuma kupita utando ni sehemu yao tu ya mgandamizo. Upande wa pili wa utando tuufungulie mgandamizo wa hewa ya kawaida. Hata utando uwe hodari wa kuchagua kiasi gani, maji yataacha kupita pindi wingi wake upande wa pili utakaposukuma kwa nguvu ileile. Hiyo ina maana hayawezi kukolea zaidi ya mara 100: kutoka 5 hadi 500 katika kila 10,000, yaani asilimia 5. Asilimia 95 iliyobaki lazima iwe kitu kingine, na kitu hicho ni methani. Kwa kila molekuli moja ya maji iliyotolewa, molekuli 19 za gesi inayouzwa zimekwenda nayo, na kadiri gesi inavyozidi kukauka ndivyo hesabu inavyozidi kuwa mbaya. Methani hiyo ichomwe, au igandamizwe upya kwa gharama, au ipotee angani inakopasha joto dunia. Ukemia bora wa utando hauondoi kikwazo hiki, maana kinatokana na uwiano wa mgandamizo wa pande mbili. Mwenye kiwanda nchi kavu, mwenye nafasi ya kusimamisha mnara na mafundi wa kuutazama, hakuwa na sababu ya kubadili.

Kilichobadilika ni mahali gesi inapopatikana. Mwaka 1947 kampuni ya Kerr-McGee ilichimba katika Ghuba ya Meksiko kisima cha kwanza cha mafuta mahali ambapo nchi kavu haionekani, na kuanzia hapo sekta ikaenda kwenye maji yenye kina zaidi na zaidi. Kwanza majukwaa yalisimamishwa juu ya miguu ya chuma na zege, na mnara wa glikoli ukapandishwa juu yake. Kisha vifaa vyenyewe vikaanza kushuka. Ormen Lange, eneo la gesi la Norway lililogunduliwa mwaka 1997, halina jukwaa kabisa: visima viko mita 800 hadi 1,100 chini ya uso wa bahari, na tangu mwaka 2007 gesi husafiri kilomita 120 hivi hadi Nyhamna pwani. Maji yanayogusa mabomba huko chini yana baridi iliyo chini kidogo ya sifuri. Snøhvit, katika bahari ya Barents, ilianza mwaka huohuo na bomba lake lina urefu wa zaidi ya kilomita 140. Mwaka 2015 huko Åsgard ziliwashwa kompresa za kwanza duniani za kusukuma gesi zikiwa chini ya bahari, kina cha mita 300 hivi. Maji ya kimiminika hutengwa kabla gesi haijaingia kwenye kompresa, lakini mvuke hubaki ndani yake umeshiba, na ukipoa utatoneka tena.

Ukali wa baridi ya vilindi ulionekana na dunia nzima Mei 2010, baada ya mlipuko wa Deepwater Horizon, jukwaa la kuchimbia mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Wahandisi walishusha kuba kubwa la chuma mita 1,500 chini kufunika mahali mafuta yalipovuja, wakitarajia kuyavuta hadi meli iliyokuwa juu. Gesi iliyotoka pamoja na mafuta ilikutana na maji ya baridi chini ya mgandamizo mkubwa. Hidrati zikajitengeneza ndani ya kuba, zikaziba tundu la juu, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji zikaanza kulielesha. Mpango ukaachwa. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa kwamba katika kina kile hidrati ni hali ya kawaida ya mambo, wala hazihitaji ajali ya nadra ili zijitokeze.

Ormen Lange na Snøhvit hujilinda kwa monoetileni glikoli, ndugu mdogo wa glikoli za mnarani, inayosukumwa kutoka pwani hadi visimani kwa mabomba yake yenyewe. Glikoli hii haiondoi maji. Huchanganyika nayo na kuzuia fuwele zisijengeke, husafiri nayo hadi pwani, kisha hutengwa, hutolewa chumvi na kurudishwa. Njia hii imethibitika, na hapo ndipo pingamizi la kwanza dhidi ya utando linapopata nguvu: ikiwa dawa ipo na inafanya kazi, mahangaiko ya nini? Najibu kwamba dawa hiyo ina bei inayopanda kwa kila kilomita. Inahitaji bomba la pili la kwenda na kemikali, inahitaji bomba kuu lisafirishe maji ambayo hakuna anayeyanunua, na inaacha maji hayo yaendelee kugusa chuma njia nzima pamoja na kaboni dioksidi. Gesi iliyokaushwa kisimani ingeweza kuingia moja kwa moja kwenye bomba la kawaida la gesi kavu. Tatizo ni kwamba mnara hauwezi kushushwa huko kirahisi. Ni mrefu, sinia zake zinataka glikoli ishuke kwa utaratibu bila kutoa povu, chombo cha kuchemshia kinataka joto kali na mahali pa kutoa mvuke, na kuta za chombo kipana chini ya bahari lazima ziwe nene mno. Uwezo wote wa mnara ulijengwa juu ya dhana kwamba kuna hewa ya wazi na mtu karibu.

Hapa ndipo kazi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Norway, mjini Trondheim, inapoingia. Katika kituo chake cha utafiti wa mitambo ya chini ya bahari, SUBPRO, kilichoanza mwaka 2015, Liyuan Deng na wenzake walichambua mpangilio unaotumia utando na glikoli kwa pamoja. Wazo la kutumia utando kama mahali pa kukutania gesi na kimiminika halikuwa geni. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kværner ya Norway na W. L. Gore ya Marekani zilikuwa zimelifanyia kazi kwa ajili ya kuondoa kaboni dioksidi. Katika mpangilio wa Trondheim gesi hupita upande mmoja wa utando na trietileni glikoli upande mwingine. Mvuke wa maji hupenya na kumezwa papo hapo na glikoli. Turudi sasa kwenye hesabu yetu: kikwazo kilikuwa kwamba maji yaliyopita hujikusanya na kuanza kusukuma nyuma. Glikoli inayameza, kwa hiyo hayajikusanyi, na hakuna haja tena ya kushusha mgandamizo upande wa pili. Pande zote mbili zinaweza kuwa na mgandamizo mkubwa unaokaribiana, na methani inayopotea hupungua sana. Kile kilichoushinda utando kwa miongo mitatu nchi kavu hakikutatuliwa na polima mpya. Kilitatuliwa kwa kumwita mpinzani wake wa zamani asimame upande wa pili.

Nusu ya pili ya mpangilio inanivutia zaidi. Glikoli iliyoshiba hupashwa joto na kupitishwa kwenye utando mwingine, ambao uso wake wa pili unatazamana na ukuta uliopozwa kwa maji ya bahari. Mvuke hutoka kwenye glikoli ya moto, huvuka utando, na kutoneka kwenye ukuta wa baridi. Hakuna moto wazi, hakuna bomba la kutolea mvuke angani, na baridi ya bahari, ileile inayozalisha hidrati, ndiyo inayovuta maji nje. Tando zilizojaribiwa maabara kwa kazi hii ni pamoja na polima nyembamba za jamii ya Teflon, zilizochaguliwa kwa kuwa hazivimbi zikigusa glikoli. Nchi kavu mzunguko kama huu ungeonekana anasa mbele ya mnara. Kwenye kilindi, umbo lake la visanduku vinavyoweza kuinuliwa na kubadilishwa kimoja kimoja ndilo linaloupa maana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya yamepimwa maabara na katika kompyuta, wakati gesi halisi huja na mchanga, nta, chumvi na vitone vya mafuta ambavyo huweza kuchafua utando ndani ya miezi. Ni kweli, na anayeandika kana kwamba kazi imekwisha anawapotosha wasomaji. Tando za selulosi asetati zinazoondoa kaboni dioksidi zilikutana na uchafu huohuo, na somo lake lilikuwa kwamba mafanikio hutegemea usafishaji unaofanyika kabla ya utando. Usafishaji huo nao ungelazimika kufanyika chini ya bahari, na kila kifaa kinachoongezwa ni kifaa kinachoweza kuharibika mahali asipofika fundi. Lakini historia ya vilindi inashauri subira zaidi ya kukata tamaa. Troll Pilot, kituo cha Norway cha kutenganisha maji na mafuta katika kina cha zaidi ya mita 300, kiliwekwa mwaka 2000, na mwaka 2007 eneo la Tordis likapata mtambo kamili wa kazi hiyo. Kompresa za Åsgard zilikuja miaka minane baadaye. Kila hatua ilianza kama kifaa ambacho watu wenye busara walisema kibaki juu. Wapo pia wanaosema gesi yenyewe inapaswa kuachwa chini. Ni hoja ya haki, ila haifuti kazi ya kukausha: Norway imekuwa ikisukuma kaboni dioksidi chini ya bahari huko Sleipner tangu mwaka 1996, na kaboni dioksidi yenye maji hula bomba la chuma.

Kwa pwani yetu swali hili lina anwani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, hukaushwa kisiwani kabla ya kuvuka kilomita 25 za bahari ya kina kifupi na kuendelea kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam. Maji ya hapo ni ya uvuguvugu, na mtambo unasimama juani. Gesi ya vilindi ni habari nyingine. Kisima cha Zafarani, kilichotangazwa mwaka 2012 katika Kitalu namba 2, kiko chini ya maji yenye kina cha mita 2,582, na sehemu kubwa ya akiba ya Tanzania inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 iko katika vilindi vya aina hiyo, umbali wa kama kilomita 100 kutoka pwani ya Lindi na Mtwara. Jua la Lindi halifiki huko. Maji yana nyuzijoto chache tu juu ya sifuri, na bomba litalazimika kupanda mteremko wote wa bara kabla ya kufika mtamboni. Mipango ya kiwanda cha kugandisha gesi huko Lindi bado iko mezani, na wahandisi wake wana kila sababu ya kuanza na glikoli ya kusukumwa kutoka pwani, kwa kuwa imethibitika Ormen Lange na Snøhvit. Lakini visima vya eneo kama hilo huongezwa kwa miaka mingi, na kila kipya kikiwa mbali zaidi hurefusha bomba la kemikali pamoja na la gesi. Kabla mtu hajapendekeza utando kwa visima hivyo, anapaswa kuonyesha kisanduku kimoja kilichokaa kilindini miaka kadhaa, chenye gesi chafu ya kisima halisi, huku glikoli ikizunguka ndani yake na gesi ikitoka kavu.